Mama Taratibu na Mlango wa Tumbo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu wa chumba cha ultrasaundi anastaafu. Sote tunamwita Mama Taratibu, jina alilopewa na madaktari waliozoea kumharakisha. Walichoka wao.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wazazi, akasomea upigaji picha za ultrasaundi, akahamia chumba kile chenye pazia la kijani na feni yenye kelele. Chupa ya jeli ya kupaka tumboni aliipasha kwanza viganjani. Kila mama alionyeshwa mtoto wake kuanzia kichwani: moyo huu, mgongo huu, na huyu anapiga mateke kama ana ugomvi na mtu. Habari mbaya, kama ipo, ilikuja mwisho.

Wapo watoto ambao ukuta wa tumbo haukujifunga, utumbo ukabaki nje. Neno "kasoro" alilikataa katakata. Yeye alisema mlango wa tumbo haujafungwa. Neno zuri, ila siku moja lilitaka kutuponza. Mjamzito mmoja alikwenda nalo nyumbani, na mama mkwe wake, kwa nia safi kabisa, akawa anamkaza tumbo kwa shuka kila asubuhi ili mlango ujifunge. Wakaona hospitali haina kazi tena. Kliniki hawakuonekana.

Mama Taratibu alikosa raha. Akawafuata mpaka kwao, akarudi na wote wawili, akamketisha mama mkwe mbele ya skrini. Yule bibi aliuona utumbo wa mjukuu wake ukielea. Kisha akauliza, "Sasa nani ataufunga?"

"Daktari wa upasuaji. Lakini lazima azaliwe hapa hapa."

Alizaliwa hapa hapa. Mimi, mkunga, ndiye niliyempokea. Tuliufunika utumbo kwa mfuko safi wa plastiki, tukamweka kwenye joto, na daktari alikuwa ameshanawa. Bibi hakubanduka nje ya wodi mpaka mjukuu alipoanza kunyonya.

Si watoto wote waliopona. Wasiopona nao Mama Taratibu anawakumbuka, na tuliona macho yake siku hizo. Ila tangu siku ya shuka, hakuna mama aliyetoka kwake bila kujua mlango unafungwa na nani, na wapi.

Juzi bibi alikuja kumuaga, ameongozana na msichana aliyemzidi kimo. "Kitovu hana, upasuaji ulikiondoa," alisema, "lakini yupo." Mama Taratibu alitafuta kiti akakaa.

Asante, dada yetu. Pumzika na wajukuu, uwe na afya na usingizi wa kutosha. Mlango wa chumba chako ndio pekee tutakaouacha wazi.