Sista Kohoa na Mwalimu Asiyejua Kuogelea

Tarehe thelathini mwezi huu, Muuguzi Mkuu wa wodi ya upasuaji atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili. Huku wodini yeye ni Sista Kohoa, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza mgonjwa analolisikia akizinduka.

Aliyepasuliwa tumbo huogopa kukohoa, na asipokohoa kifua hujaa makohozi. Sista alibembeleza, akafoka, akachoka. Ndipo alipobeba televisheni ya nyumbani kwake, pamoja na filamu moja ya zamani ya vichekesho kuhusu mwalimu wa kuogelea asiyejua kuogelea. Wanafunzi wake ni mabibi wa mtaani. Kila Jumamosi baada ya chai wodi nzima ikawa inacheka, na aliyecheka akajikuta amekohoa bila kuombwa.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mgonjwa mmoja wa ngiri alipofumua nyuzi kwa kucheka. Daktari bingwa akapiga marufuku filamu. Sista hakubishana, alimwomba tu aje aione kwanza. Bingwa alikuja, akasimama mlangoni amekunja mikono na uso. Mwalimu alipotumbukia majini na filimbi yake mdomoni, mheshimiwa alikuwa ameshakaa kwenye kitanda cha mgonjwa, anafuta machozi. Marufuku ikaondolewa, kwa sharti kwamba kila mwenye mshono akumbatie mto tumboni wakati wa kucheka.

Wagonjwa wa leo wana simu zenye filamu chungu nzima, lakini ikifika Jumamosi huziweka kando. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni wale mabibi. Wanajua tangu siku ya kwanza kwamba mwalimu wao hajui kitu, nao wananyamaza kwa sababu wanampenda. Mtu aliyetoka kuogeshwa na wengine humwelewa mwalimu yule upesi.

Mwaka jana zamu ikawa ya Sista mwenyewe. Alipasuliwa, akalazwa katika wodi yake, akauguzwa na sisi aliotufundisha kushika sindano. Aliona aibu mno. Aligeukia ukutani, akakataa kuogeshwa, na kukohoa, yeye tena, akakataa katakata. Homa ikapanda. Tuliogopa kumpoteza, nasema kweli. Wengine tulijificha stoo tukalia.

Jumamosi tukawasha filamu bila kumwomba ruhusa. Miaka yote alikuwa akiipa mgongo televisheni ili aangalie nyuso za wagonjwa, hivyo filamu yenyewe hakuwahi kuitazama sawasawa. Mabibi walipomlaza mwalimu juu ya maji, mikono yao chini ya mgongo wake, bila hata mmoja kumcheka, tulisikia kicheko chembamba kitandani kwake, kisha kikohozi, kisha kilio. Alipotulia alituagiza maji ya kuoga, tena yasiwe ya baridi, maana yeye hajajiandikisha kwa yule mwalimu.

Sista, tunakutakia afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi na maisha mema pamoja na wajukuu. Asante kwa yote uliyotufunza. Lakini kuuguza hasa tulijifunza siku ile ulipokubali tukuogeshe.