Namba Aliyoiacha Nasimiyu Dukani

Risala ya kikundi cha Simama Tena, iliyosomwa na katibu, Jotham Khisa, katika ukumbi wa kanisa, Kimilili

Mgeni rasmi, Bi. Wakiuru, uliyetumwa kwetu na ofisi inayolinda taarifa za wananchi, chifu wetu, wauguzi, wazazi na wanachama mliotoka Kabuchai, Kanduyi na hata Kitale: tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU KWETU

Mgeni rasmi, umetukuta katika majira ya palizi, na bado viti havikutosha. Hilo likuonyeshe jinsi tulivyokungoja. Tunakupokea kwa mikono miwili. Tunaomba radhi mapema kwamba hatukuandaa ngoma wala kwaya. Tulikubaliana kwamba leo tuseme tu.

SISI NI AKINA NANI

Simama Tena ni kikundi cha watu wenye kifafa pamoja na jamaa zao. Tulijuana kwenye benchi la kliniki, ambako kila mtu alikuwa akimwambia jirani yake kwamba amekuja kupimwa malaria. Huku kwetu mtu akianguka, watu humkimbia. Husema povu lake linaambukiza. Mzee Rotich wa Kitale, aliyeketi pale mbele, alimficha kijana wake ndani ya nyumba mpaka kijana akaota ndevu. Leo kijana huyo anafuga kuku na wateja wanamfuata yeye mwenyewe.

TULICHOFANIKIWA

Tumezunguka mashuleni na sokoni tukifundisha watu wamlaze kwa ubavu anayeanguka, wasimtie kijiko mdomoni. Watoto waliofukuzwa darasani wamerudi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba wanachama wetu walizoea kumeza dawa kila siku bila kuruka, na wengi wakasahau hata kuanguka kukoje. Nasimiyu alikuwa mmoja wao.

YALIYOMPATA NASIMIYU

Nasimiyu ni fundi wa nguo. Alianza kuanguka akiwa msichana wa shule, na tangu aanze dawa hakuanguka tena. Dawa zilipokosekana kliniki, alikwenda kwenye duka moja la dawa mjini, ambalo jina lake hatulitaji hapa. Muuzaji akamwambia, "Andika jina na namba ya simu. Zikifika nitakujulisha." Akaandika. Hakuulizwa jambo lingine, naye hakukubali jambo lingine.

Wakati huo alikuwa amechumbiwa na Levi, kijana wa Kitale. Alikuwa amemweleza Levi kila kitu, na Levi akamwambia, "Haidhuru, mamangu tutamwambia pamoja, tungoje siku nzuri." Nasimiyu alimwamini. Aliichagua hata siku yenyewe: ingekuwa baada ya mavuno, nyumba ikiwa na chakula na watu wana furaha.

Mama Levi, shangazi za kijana na Levi mwenyewe wakaja nyumbani kwa kina Nasimiyu, Kabuchai, kupanga harusi. Mamake Nasimiyu, Mama Edinah, alikuwa jikoni anasonga ugali wa wageni. Nasimiyu akampa mama mkwe simu atazame picha za magauni aliyoshona. Mama Levi alikuwa akizifunua moja moja, akisifu mishono, simu ilipolia mkononi mwake. Akausoma ujumbe kwa sauti, maana alidhani ni salamu za mtu.

"Habari NASIMIYU! Kifafa kimekuchosha? Mitishamba yetu hukimaliza kabisa. Jibu NDIYO tukuletee."

Nasimiyu anasema alisikia mwiko ukigonga sufuria jikoni, kisha ukanyamaza.

"Ati kifafa?" Mama Levi akauliza. "Nasimiyu, hii ni nini?"

"Ni ugonjwa niko nao tangu utotoni, mama. Nakunywa dawa. Sianguki tena."

"Na ulikuwa unangoja nini? Tukuzike kwetu ndio tujue?"

Nasimiyu akamtazama Levi. Neno moja tu lingetosha: mimi nilijua. Levi akatazama viatu vyake.

Wageni waliondoka kabla ugali haujaiva. Baadaye Levi alipiga simu akasema wazee wameamua jambo hilo lipumzike. Alipoulizwa yeye ameamua nini, akakata.

Mgeni rasmi, ujumbe haukukoma kwa kuwa harusi imekufa. Ulikuja alfajiri, ulikuja kanisani. Nasimiyu akajibu ACHA, na siku iliyofuata ukaja kutoka namba mbili. Akashika njia hadi dukani.

"Namba yangu mlimpa nani?"

Muuzaji hakuinua hata uso. "Si uliandika mwenyewe, bana?"

"Niliandika mniambie dawa zikifika."

"Sasa namba si ni namba?"

Akatoka. Akatupa laini ile mtaroni, akanunua nyingine. Lakini alikuwa ameshaingiwa na hofu ambayo haikutupika. Aliporudi kliniki, muuguzi wetu Mary Ann akamuuliza kama ana namba mpya. Kabla dada huyo hajamaliza kusema kwamba si lazima, Nasimiyu alikuwa amekwisha kuinuka. Hakurudi tena. Tulimtembelea akasema yuko sawa, dawa anazo. Hakuwa nazo.

Alianguka akiwa kazini, ananyoosha sare za shule kwa pasi ya makaa. Mkono wa kulia ukabaki chini ya pasi. Mama Edinah alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Anasema alisikia harufu akadhani ni kitambaa kinaungua, akaita, "Nasimiyu, angalia pasi!" Akaita tena. Ndipo akakimbia.

Alilazwa Bungoma mpaka mahindi yakavunwa. Vidole vitatu havikupona. Vilivyobaki havishiki sindano. Cherehani imefunikwa kwa leso, na hakuna anayethubutu kuuliza kama iuzwe.

Tangu habari hiyo ienee, wanachama wetu wengine wameacha kliniki. Mwalimu mmoja kati yetu hutoa jina la uongo huko. Mama mmoja wa Kanduyi ametuambia waziwazi kwamba ni heri mtoto wake aanguke nyumbani kuliko ajulikane na simu za watu asiowajua. Tulitumia miaka kuwatoa mafichoni. Wanarudi.

TUNAYOOMBA

Tunajua sheria ipo. Tunaomba itufikie. Mtu anayetaka kututumia matangazo atuombe kwanza, kwa lugha tunayoielewa, na ombi hilo lisifichwe ndani ya lingine. Namba tuliyoitoa kwa ajili ya dawa ibaki ya dawa. Tukisema hapana, hapana hiyo isikike mara moja, bila malipo. Tukiuliza namba yetu ilitoka wapi, tujibiwe. Na ugonjwa wa mtu usiandikwe kamwe kwenye tangazo lenye jina lake.

Tunaomba pia uende dukani kule. Tutakupeleka wenyewe. Na kwenye mlango wa kila kliniki kibandikwe kibao kinachosema kwamba mgonjwa hutibiwa hata asipotoa namba ya simu.

Mkono wa Nasimiyu hatukuombi, maana huwezi kuurudisha.

MWISHO

Mgeni rasmi, Nasimiyu hayumo ukumbini. Risala hii ilipokamilika tulikwenda kwake, tukamsomea yote kuanzia juu hadi chini, tukamuuliza kama tunaweza kuisoma mbele za watu na kulitaja jina lake. Akasema, "Isomeni. Jina pia litajeni." Akatuomba turudie sehemu inayomhusu. Tulipofika kwenye sentensi fulani, akainua mkono wa kushoto.

"Hiyo toeni."

Katibu akamuuliza kwa nini. Akasema hataki kueleza.

Tukaitoa.

Mungu akulinde njiani, Bi. Wakiuru, awabariki wanaokungoja nyumbani, na akupe moyo usiochoka hadi haya yatendeke.

Ni sisi,
Wanachama wa Simama Tena,
Kimilili, Kabuchai, Kanduyi na Kitale