Bunlert, Aliyekataa Kumshusha Askari Wake Kutoka Angani

Anayesoma hapa ni Chuai, mdogo wake marehemu. Kabla hajaendelea anaweka dau jogoo wake wa mapigano, mbele ya watawa wote hawa, kwamba hakuna atakayeamini haya: marehemu alimweka askari mmoja angani miaka arobaini na ushei, akakataa kumshusha. Aliombwa na mke, akaombwa na wateja, mizimu nayo ikangoja. Wanakijiji wanyamaze, wao walikuwepo. Dau ni kwa wageni.

Bunlert Saengkham alizaliwa tarehe 12 Mei 1950 katika kijiji cha Nong Tako, mkoa wa Ang Thong, mtoto wa kwanza wa Mzee Chan na Mama Sangwan. Chuai alifuata miaka kumi na moja baadaye akiwa na sura nzuri zaidi, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulipinga, maana alijua atashindwa.

Alisoma shule ya hekaluni mpaka darasa la nne. Chuai aliishia la tatu. Darasa moja hilo marehemu alilivaa kama joho la chuo kikuu. Ukibishana naye hata kuhusu bei ya vitunguu, anakwambia, "Mimi msomi. Wewe chekesha watu."

Aprili 1971 ilifika zamu yake ya kupiga kura ya jeshi. Unaingiza mkono kwenye pipa: karatasi nyeusi, unarudi nyumbani; nyekundu, unakwenda kambini miaka miwili. Mama Sangwan alikuwa ameweka nadhiri kwa Babu Mlinzi, mzimu wa kijiji, kwamba mtoto akipata nyeusi atamletea usiku mzima wa likay, maigizo ya kuimba. Bunlert akachomoa nyekundu. Mama aligeuka upande wa kibanda cha Babu akapaza sauti mbele ya umati, "Babu, ulikuwa umelala?"

Kambini hakupewa bunduki ya maana. Alipewa kuku wa mkubwa mmoja, na soksi za mke wa mkubwa. Novemba 1972 ilikuja habari kwamba mama anaumwa sana. Akaomba ruhusa. Akaambiwa asubiri kwanza, mkubwa ana wageni, nani atachinja? Alipofika nyumbani mama alikuwa ameshakufa, na maiti imeshachomwa. Sufuria yake ilikuwa imeoshwa na kufunikwa.  Bunlert aliifunua, akaifunika tena.

Alipotoka jeshini mwaka 1973 alijiunga na kundi la likay la Mzee Thuan, na baadaye akalirithi. Likay haina maandishi. Mkuu wa kundi anawasimulia waigizaji kisa nyuma ya pazia, halafu kila mmoja anatoka na mapambo yake yanayometameta, anaimba na kubishana kwa akili yake. Anayejua kazi hiyo vizuri kuliko wote mkoani ni Chuai, lakini leo si siku yake.

Mavuno ya kundi ni Aprili. Familia zilizopata karatasi nyeusi zinakodi likay kutimiza nadhiri zao. Watu wana furaha, mtoto kaponea jeshi, nguruwe kachinjwa. Sasa marehemu anawachezea nini? Mchezo wa jeshi! Tena jeshi la angani! Chuai alisema mpaka akakaukiwa mate.

Mchezo wenyewe uliitwa "Kura ya Mbinguni". Vijana wa nyota zote wanachomoa karatasi, walio na nyekundu wanapakiwa kwenye chombo kwenda kupigana na majini wa gizani. Kwa Jenerali, jeshi ni watu wa kumshikia mwavuli, ingawa huko mvua hainyeshi. Kwa mpishi, yaani Chuai, jeshi ni wali wa bure, yeye angesaini hata miaka kumi. Kwa binti mfalme, jeshi ni mchumba asiyeandika barua. Na kwa askari Plew, ambaye marehemu hakukubali acheze mtu mwingine, jeshi ni kuku. Vita vinalia nje, yeye anatafuta yai chini ya injini. Mbaya zaidi, miaka miwili ya huko juu ni miaka mingi mno ya huku chini, na mama yake anazeeka. Mwisho Plew anasimama dirishani, anaimba kwamba anasikia harufu ya wali wa mama. Pazia linafungwa.

"Mshushe!" watu walipiga kelele. Kila mara! "Mshushe kijana wa watu!"

Mteja mmoja wa Suphan Buri alimfuata nyuma ya jukwaa. "Mzee, mimi nimelipia mchezo mzima."

"Mzima ndio huo."

"Nyumbani kafika lini?"

"Bado yuko kazini."

Mwaka 1979 alimwoa Lamyai, aliyecheza binti mfalme. Bibi harusi alisema siku hiyohiyo, "Nimeolewa na mtu ambaye kila jioni ananiacha kwa ajili ya kuku." Mwaka 1985 walijaliwa mtoto wao mmoja, Phum.

Aprili 2006 Phum naye akaitwa kwenye pipa. Lamyai alimburuta mumewe mpaka kwa Babu Mlinzi, akamlazimisha kuapa: mtoto akipata nyeusi, Plew anashushwa, hapahapa mbele ya kibanda. Phum akachomoa nyeusi, akavua shati akacheza uwanjani.

Marehemu akasema, "Mwaka kesho."

Mwaka kesho mavazi yamechanika. Mwingine mpiga ngoma kavunjika mkono. Mwingine mafuriko. Baadaye akaanza kudai kwamba Babu mwenyewe hajalalamika. Lamyai hakulala vizuri miaka hiyo yote, kwa sababu nadhiri isiyotimizwa na baba humwangukia mtoto, na Phum alishakuwa na mabinti wawili.

"Baba Phum, unataka mwanangu alipe deni lako?"

"Nitamshusha."

"Lini? Nikifa?"

"Usiharakishe mambo ya jeshi."

Mwaka 2023 mapafu yalianza kumsumbua, na daktari hakumficha. Januari 2024 aliamuru jukwaa lijengwe mbele ya kibanda. Nyuma ya pazia, akivuta hewa ya mtungi, alisimulia kisa: Plew anashuka, anakutana na jirani, anaambiwa mama alishakufa, anafunua sufuria tupu. Pazia. Jirani atakuwa Chuai.

"Kaka, watu wamengoja miaka yote hii uwape sufuria tupu?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Kwako. Plew si wewe."

"Wewe chekesha. Mambo ya maana niachie msomi."

Plew akashuka. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, amepaka poda. Akabisha hodi. Chuai akatoka amevaa kitenge cha Lamyai, kifuani kajaza nazi mbili, mkononi sufuria inayofuka moshi.

"Wewe! Ulikwenda kulisha kuku au kuwataga? Ingia ule, wali unapoa!"

Kwenye likay, aliyetoka katoka, huwezi kumrudisha. Mpiga ngoma aliacha kupiga. Nyuma ya pazia Lamyai alimshika Phum mkono. Marehemu akakaa chini. Akapakuliwa. Akala wali na samaki mpaka akamaliza, bila kuimba hata neno moja. Bibi mmoja mstari wa mbele akasema tu, "Kashuka."

Wakifuta poda, Chuai alisubiri asifiwe au apigwe kofi. Marehemu akasema, "Mama alikuwa anapakua kwa mkono wa kushoto."

"Kulia!"

"Kushoto. Ulikuwa mdogo."

Walibishana juu ya mkono huo mpaka tarehe 3 Machi 2024 alfajiri, alipofariki nyumbani kwake, Lamyai akiwa amemshika mguu.

Ameacha mjane, Lamyai. Mwana, Phum, na mkewe Orn. Wajukuu wawili, Fai na Min. Shangazi yake, Bunmi. Kundi zima la likay. Na mdogo wake Chuai, ambaye bado ana sura nzuri zaidi. Nadhiri imetimizwa, mtoto hadaiwi. Kaka Bunlert, zamu yako imekwisha, lala salama, hakuna wa kukuamsha ukalishe kuku.

Kuhusu ule mkono, jana shangazi Bunmi aliulizwa. Mama Sangwan alipakua kwa mkono wa kushoto. Chuai alikosea.