Mama Aurore na Jumamosi za Skärholmen

Dada yetu Adrienne Feza, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Aurore, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 mjini Uvira, Kivu ya Kusini. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Bethuel, mwalimu, na marehemu mama Concessa. Alisoma shule ya msingi Uvira, kisha sekondari kwa masista wa Bukavu, akapata diploma ya ualimu mwaka 1975. Baba alitaka aendelee na masomo ya juu. Yeye alirudi Uvira kufundisha darasa la kwanza, na hakuliacha darasa hilo kwa miaka ishirini.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na Onésime, fundi seremala aliyekuja shuleni kutengeneza madawati. Onésime alipomuuliza kama dawati la kwanza limependeza, Adrienne alimjibu kwamba linayumba. Fundi alilirekebisha, akarudi kuuliza tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Aurore na Arsène.

Mwaka 1996 vita viliwavusha ziwa hadi Tanzania, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu. Mwezi Februari 2001 walipokelewa Sweden, wakapata nyumba Bredäng, kitongoji cha kusini-magharibi mwa mji mkuu. Adrienne alisafisha ofisi huku akisoma Kiswidi, na kuanzia mwaka 2003 alifanya kazi katika shule ya chekechea huko Skärholmen, kitongoji jirani, mpaka alipougua.

Mwaka 2004 Onésime alipoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa presha ya macho. Aliacha kazi yake ya karakana, akaacha kuja kanisani, akaacha hata kunyoa ndevu. Wageni hakuwataka. Karibu mwaka mzima alitoka nyumbani kwenda hospitali tu, na sisi ndugu tulianza kuogopa. Jumamosi moja ya Aprili 2005, Adrienne alimletea koti.

"Unataka kunitembeza kama mtoto," Onésime alisema.

"Basi baki. Mimi naenda sokoni. Ila nikirudi sitakusimulia kitu."

Onésime alivaa koti.

Walianzia soko la vitu vilivyotumika, lililokuwa chini ya maduka makubwa ya Skärholmen. Adrienne alimpitisha meza kwa meza, akimwambia kilichopo: vikombe vilivyopasuka, redio za zamani, muuzaji aliyevaa kofia mbili. Hakuongeza chumvi. Hata kanisani, mtu aliyetaka sifa kwa nguo mpya hakumwendea Mama Aurore. Lakini kwa Onésime tabia hiyo ikawa msaada mkubwa, kwa sababu alichoambiwa alijua ndicho kilichopo.

Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa zao. Baada ya soko walipanda treni kwenda kwenye majumba ya sanaa ya upande huu wa kusini-magharibi mwa mji, na siku zenye jua walimalizia kwenye miamba ya Ziwa Mälaren, chini ya Bredäng. Aurore alifuatana nao mara nyingi, naye hukumbuka siku waliyosimama mbele ya mchoro mkubwa uliojaza ukuta.

"Kuna nini?" baba yake aliuliza.

"Kijivu."

"Kijivu na nini?"

"Na kijivu kingine. Pale chini ni kama mtu amepangusa brashi yake."

Onésime alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu baba yake apofuke, Aurore hakuwa amemsikia akicheka. Mhudumu alikuja kuuliza kulikoni, na Aurore akamweleza kwa Kiswidi. Mhudumu yule hakukasirika. Aliwapeleka chumba cha nyuma, penye sanamu ya mbao, akamruhusu Onésime aiguse. Aliigusa kwa muda mrefu, kisha akauliza watarudi lini.

Mwezi Oktoba 2011 Adrienne alianza kuumwa tumbo, na Januari madaktari waligundua saratani ya kongosho. Mwezi Aprili, alipokuwa hawezi tena kutembea, aliomba kwenda ziwani. Onésime alisukuma kiti cha magurudumu na Adrienne alimwelekeza: kulia, kushoto, ngoja, kuna baiskeli. Mimi nilikuwa nyuma yao. Walipofika kwenye maji, alimweleza kwamba barafu imekwisha na kuna mashua moja nyekundu.

"Na wewe?" Onésime alimuuliza. "Unaonekana vipi?"

"Nimekonda. Mashavu yameingia ndani. Macho yamekuwa ya manjano. Usingenijua."

"Aksanti," alimwambia. "Watu wote wananiambia uko sawa." Kisha alipapasa mpaka akaupata uso wake.

Adrienne alifariki siku ya Jumanne, tarehe 15 Mei 2012, hospitalini, mume na watoto wake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mume wake Onésime. Watoto wake Aurore na Arsène. Mjukuu wake Emmanuella. Na mimi mdogo wake, Évode, wa Södertälje. Jumamosi iliyopita Onésime alimwomba Aurore ampeleke sokoni. Walikwenda. Aurore alimweleza meza kwa meza, nusu Kiswahili nusu Kiswidi, na baba yake akawa anamsahihisha maneno.

Dada, umechoka, sasa pumzika. Mungu akulaze mahali pema.