Wiki Kumi na Moja Bila Jiko

Kijiwe chetu ni benchi la chuma mbele ya duka la mikate, mtaa wa Harthwaite, kaskazini mwa Uingereza. Ukikaa hapo unaliona jengo letu lote: ghorofa tatu za matofali, nyumba kumi na mbili za manispaa. Tunakaa wanne kila asubuhi, chai kwenye vikombe vya karatasi, mvua ikinyesha tunavuta kofia chini tu. Yupo Spana, jina lake Clifford Oldroyd, fundi bomba mstaafu. Yupo Redio, yaani Noreen Sugden, ambaye jambo likitokea ghorofani yeye ameshalitangaza kabla mwenye jambo hajavaa viatu. Yupo Meja, Horace Tattersall, aliyekuwa mpishi jeshini na hakupanda zaidi ya koplo. Na mimi, wananiita Dereva, kwa kuwa niliendesha basi mpaka mgongo ukagoma. Asubuhi hiyo ilikuwa Alhamisi ya Februari, siku moja baada ya mazishi ya Bi Hilda Lumb wa nyumba namba tisa.

— Vipimo, akaanza Spana kabla hajakaa sawasawa. — Nawaambia walikosea vipimo. Jikoni kwa Bi Hilda kumegeuka, dirisha liko kushoto, kwa wengine liko kulia. Wamekuja na makabati ya kulia. Yakagoma kuingia. Basi, wakakimbia.

— Wewe nawe! akasema Redio. — Makabati yapi? Hayo makabati hata kushushwa kwenye gari hayakushushwa. Mimi nilikuwa dirishani.

— Wewe kila siku uko dirishani.

— Na ningekuwa siko, habari ungezipata wapi, mpenzi?

Ngoja niwaelezee kidogo, maana hawa wakianza hawasimami. Septemba zilikuja barua kwa wapangaji wote: jiko jipya kila nyumba, makabati, sinki, vigae, kila kitu, na mpangaji achague rangi mwenyewe. Rangi zilikuwa tatu. Bi Hilda alikuwa na miaka themanini na tatu, mjane, msichana wa kiwanda cha sufu enzi hizo kiwanda kipo. Jikoni kwake kulikuwa vilevile tangu mumewe yuko hai. Alizunguka na ile karatasi ya rangi wiki nzima, anaitoa mkobani, anatuwekea mapajani. Akachagua njano, ile ya siagi. Akatoa vyombo vyote kwenye makabati yake ya zamani peke yake, sahani kazifunga kwa magazeti, kazipanga chini ya kitanda.

Mafundi walikuja wiki ya kwanza ya Novemba. Siku moja tu wakang'oa kila kitu, sinki, makabati, mpaka plasta. Nyuma ya makabati wakakuta bodi za asbesto, zile ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Wakatoka wakikohoa, wakaubandika mlango wa jiko kwa nailoni na gundi, jiko lenyewe la umeme wakaliacha koridoni, halijaungwa popote. Wakamwambia Bi Hilda wataalamu wa asbesto watafika Jumatatu.

Ilipita Jumatatu hiyo, na ya pili yake, na ya tatu. Nyumba nyingine kumi na moja zikapata majiko mapya kabla ya Krismasi. Ya namba tisa ilibaki na nailoni.

— Si vipimo, si asbesto, akasema Redio, akashusha sauti, jambo ambalo hulifanya akitaka asikike mpaka ng'ambo ya barabara. — Wanataka jengo. Wanaanza na vikongwe. Unamtolea mtu sinki, unamwacha. Akichoka anaondoka mwenyewe. Halafu wanajenga vyumba vya wanafunzi.

— Mbona sisi wametupa majiko? nikauliza.

— Kutupumbaza, Dereva! Hivi huoni? Wewe na droo zako zinazojifunga zenyewe, utaandamana wewe?

Kweli, zile droo nilizipenda.

Meja alikuwa anakoroga chai kwa kijiti, anakoroga tu, sukari imeshayeyuka zamani. Akasafisha koo.

— Ninyi raia hamjui kitu. Lile jengo lilijengwa juu ya nini? Uwanja uliopigwa mabomu vitani. Kuna moja halikulipuka. Liko chini ya ngazi za upande wa Bi Hilda. Mafundi walipong'oa ukuta waliliona bomba, kumbe si bomba.

— Ghorofa ya pili, Horace! Spana akapiga goti lake. — Bomu la Wajerumani liko ghorofa ya pili? Lilipanda kwa ngazi?

— Waya zake zinapanda.

— Bomu la ndege lina waya mpaka ghorofa ya pili. Haya. Na chai yako wametia nini leo?

Tukacheka. Siku moja baada ya kumzika, tukacheka. Halafu kila mtu akatazama kikombe chake.

— Alikuwa anaoshea vyombo kwenye bafu, lile hodhi la kuogea, akasema Redio. Sauti ya utangazaji ilikuwa imemtoka. — Nilisikia maji. Kila asubuhi, sahani moja, kikombe kimoja. Anapiga magoti, maana bafu liko chini. Halafu inachukua muda mpaka ainuke. Nakaa chini yake mimi, nasikia.

— Mimi niliona makopo, akasema Meja. — Siku ya taka. Maharage, supu. Nikajiuliza, supu anaipashia wapi? Baadaye nikasema labda ana lile jiko dogo la gesi la kambini. Watu wana vitu.

— Hakuwa nalo, akasema Spana. — Alikuwa na birika la umeme tu, chumbani, sakafuni. Aliniita Desemba nimtazamie bomba lililokuwa linavuja pale walipokata. Nikalifunga.

— Kwa hiyo uliingia, akasema Redio.

— Niliingia.

— Sinki la muda ungeweza kumwekea?

Spana akakwangua ukingo wa kikombe kwa kucha.

— Kazi ya saa moja, akasema. — Beseni, miguu miwili ya mbao, mpira wa maji. Saa moja na nusu kwa mikono hii ya sasa. Lakini ile ni kazi ya kampuni, Noreen. Ukigusa kazi ya watu, kikiharibika kitu ni wewe. Sheria ndivyo ilivyo. Na yeye mwenyewe akaniambia, usijisumbue Clifford, wanakuja Jumatatu.

— Alikuwa anasema hivyo kwa wote, akadakia Meja haraka. — Wanakuja Jumatatu. Silalamiki, kuna walio na hali mbaya kuliko mimi. Sasa mtu anakwambia yuko sawa, utamvunjia mlango? Hakuwahi kumwomba mtu kitu, yule mama. Hata mara moja.

Wiki ya Krismasi Bi Hilda alinisimamisha hapahapa kwenye benchi, ana pakiti ya nyama mkobani, ameishika kwa nje kama anaificha. Akaniuliza: Dereva, ile oveni yako mpya inawaka vizuri? Nikamwambia inawaka vizuri sana. Akangoja kidogo. Nikamwambia leo nina wageni. Sikuwa na wageni. Nilikuwa na mechi kwenye televisheni na sikutaka mtu wa kuongea naye. Akasema haidhuru, alikuwa anauliza tu. Hilo sijawaambia wenzangu mpaka leo.

Waliomkuta amekufa ni mafundi. Jumanne ya mwisho ya Januari walikuja kweli, wawili, na sinki jipya begani na makabati ya njano kwenye gari. Wakagonga, kimya. Mlinzi wa jengo akafungua kwa ufunguo wake. Bi Hilda alikuwa sakafuni bafuni, sufuria pembeni, maji ya bafu yamepoa. Mmoja wa mafundi, jibaba lenye shingo ya fahali, alishuka akaketi kwenye ngazi za nje na lile sinki mapajani, akakaa hivyo mpaka gari la wagonjwa likaja na kuondoka bila haraka. Daktari aliandika moyo. Mlinzi alimwambia Redio kwamba aliandika pia kuwa mwili ulikuwa umekonda kupita kiasi. Kilo thelathini na sita.

— Mimi bado nasema ni vipimo, akasema Spana, lakini kwa sauti ya chini.

— Kuna mtu wa manispaa alilitia lile faili lake chini ya mengine makusudi, akasema Redio. — Nitamjua tu.

— Kama si bomu, akasema Meja, — basi ni ule mgodi wa zamani wa makaa ya mawe, chini ya jengo. Sakafu nzima inazama. Wanajua. Sote tutazama.

Hakuna aliyemcheka safari hii. Tulikuwa tunataka aendelee. Lau angesema chini ya namba tisa kuna njia ya siri ya mfalme, tungemsikiliza mpaka mwisho.

Hapo ndipo mlango wa jengo ulipofunguka, akatoka mwanamke wa makamo, koti jeusi, mfuko wa nguo za mtu mzee mkono mmoja, boksi la chokoleti mkono wa pili, lile kubwa lenye utepe. Tulimwona kanisani jana. Gillian, mtoto wa kaka yake Bi Hilda, anaishi kusini kabisa, mwendo wa siku nzima kwa treni. Akavuka barabara, akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Meja akasimama, akavua kofia.

— Pole sana, mama, akasema Meja.

— Asanteni. Ninyi ndio mnaokaa hapa kila siku, eh? Shangazi alikuwa ananitajia.

— Ndiyo sisi, akasema Redio. — Alikuwa mtu mwema. Hakuwa na neno na mtu.

— Nilikuwa nampigia simu kila Jumapili, akasema Gillian. — Nilipojua hana jiko nikamwambia njoo ukae kwangu. Akakataa. Akasema hapa hana shida, ana mtu wa kumletea chakula. Sahani ya moto kila jioni, imefunikwa. Nikamwuliza, kweli shangazi, unakula? Akanitajia. Jumatatu nyama na viazi. Jumatano pai ya samaki, na njegere, na kila mara alisema ile pai ina kungumanga iliyokunwa juu, yeye hajawahi kuiweka kungumanga lakini inapendeza. Ijumaa soseji na vitunguu. Nikawa nalala kwa amani, mnajua? Mwendo wote ule, na mimi nalala kwa amani.

Nilimtazama Redio. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Jumatano anapika pai ya samaki, anakunia kungumanga kwa juu, na harufu yake inapanda ngazi zote mpaka ghorofa ya tatu. Jumatatu nyama. Ijumaa soseji. Miaka ishirini hajabadilisha. Na hakuwahi kuipeleka sahani hata moja juu.

Mkono wake ulitafuta kitu cha kushika pale kwenye benchi, ukakuta mkono wa koti langu.

— Sasa hakunitajia jina, akaendelea Gillian. — Alisema tu, jirani. Treni yangu ni saa sita, na sipendi kuondoka hivihivi. Akaliinua lile boksi kidogo. — Nataka kumshukuru. Ni nani alikuwa anampikia?

Spana akatazama mikono yake. Meja alikuwa bado amesimama, kofia kifuani. Mimi nilitazama vigae vya kibaraza cha duka. Redio alikuwa ananiminya mkono mpaka ukauma.

Gillian hakukasirika. Alitupitishia macho mmoja mmoja, taratibu, na nikaona uso wake unalainika. Alidhani ameelewa: ni mmoja wetu, na anaona haya kushukuriwa.

— Jamani, akasema, akatabasamu kidogo, macho yamejaa machozi. — Msione haya. Semeni tu.