Ngoma ya Mapumziko

Treni ya Pugu ilikuwa kimya asubuhi ile, kwa hiyo Tupokigwe, nesi aliyekuwa anatoka zamu, hakuhitaji kutega sikio; maneno yalimfuata yenyewe. Kwenye kiti cha mbele yake mzee mmoja alipakata ngoma iliyochanika ngozi, na kijana wa jezi aliyeketi kando yake alikuwa ameshamwamkia.

"Mzee wangu, imekuwaje hiyo?"

"Moto umezidi. Kila fainali ya mpira mie hupiga ngoma ya mdundiko nje ya kibanda umiza, pale mtaani watu wanapolipia kutazama mechi kwenye tivii. Ikifika mapumziko watu wanatoka, tunacheza, wanarudi kwenye mpira wao. Jana usiku nimeipasha moto ngoma ngozi ikaze, nawasubiri. Hakutoka hata mmoja."

"Si kulikuwa na shoo ya mapumziko kwenye tivii, mzee! Wasanii, fataki, taa. Nani angetoka?" Kijana alisema kwa furaha, kama vile anampa mzee habari njema.

"Basi nikawa naigeuza tu motoni isipoe, macho mlangoni, mpaka ikapasuka."

"Lakini na wewe mzee, ngoma ya miaka yote hujui moto wake?"

Tupokigwe alitamani kumkanyaga mguu.

"Aliyekuwa anaujua ni Mwanakombo, mke wangu. Anaweka kiganja kwenye ngozi, anasema, toa. Hii ndiyo fainali ya kwanza tangu tumzike."

Treni ikasimama. Mzee akainuka, akaweka kiganja juu ya ngozi iliyochanika, akakiacha hapohapo hadi watu wa nyuma wakaanza kumsukuma.