Mama Kitufe na Kaseti ya Nakala Moja

Ndugu, jamaa na majirani, nimeambiwa nisome polepole na nisicheke. La kwanza nitajitahidi. La pili siahidi, kwa sababu tunayemsindikiza leo hakuwahi kusimulia jambo bila mikono kupaa hewani, na mimi, binti wa kaka yake, nimemrithi.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa pili wa seremala na mshonaji. Akiwa na miaka saba aliifungua cherehani ya mama yake yote, akaifunga tena, na skrubu mbili zikabaki mezani. Cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo. Bibi alimchapa, kisha akazihifadhi zile skrubu kwenye kopo la vifungo, na bado zimo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968 na sekondari mwaka 1972. Mwaka 1975 alihitimu chuo cha ufundi, fani ya redio na vifaa vya umeme, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mkufunzi alimwelekeza kuwa darasa la ushonaji liko jengo la pili. Akamjibu, "Najua, mwalimu. Cherehani nimeshamaliza."

Tangu Februari 1976 alikuwa na chumba chake cha ufundi, mlango wa tatu kwenye uchochoro ulio nyuma ya duka la viatu. Zilipoingia zile kompyuta ndogo za nyumbani, za kuchomeka kwenye televisheni na kuhifadhi kazi kwenye kaseti, Shangazi alichanganyikiwa kwa furaha. Kasoro ya kompyuta hizo ilikuwa moja: ukizima, au ikiganda, kila ulichoandika kinapotea. Basi mwaka 1985 akatengeneza kisanduku! Kilichomekwa nyuma ya kompyuta kabla ya kuiwasha. Ukibonyeza kitufe chake, mashine inasimama hapo hapo, na kumbukumbu yake yote inamwagwa kwenye kaseti, dakika tano za mluzi wa kutoboa masikio. Kesho yake unairudisha, na kompyuta inaendelea pale pale ilipokomea, kana kwamba hakuna siku iliyopita. Ganda la kisanduku lilikuwa kisahani cha sabuni chenye mfuniko, na kitufe kilikuwa cha kengele ya mlango, chekundu. Alitengeneza sitini na kimoja, na jina la Mama Kitufe likamganda. Kila mteja alipewa onyo lile lile: "Nakala mbili. Mwenye moja hana."

Ndoa yake ilianzia hapo hapo. Jumapili ya tarehe 13 Aprili 1986 mwalimu wa hesabu alimfuata nyumbani akihema. Alikuwa ameandika ratiba ya shule nzima kwa siku tisa, kinasa sauti chake kibovu, hajahifadhi hata mstari mmoja, na sasa kompyuta imeganda. Ameiacha inawaka, na juu yake kabandika karatasi: USIZIME. Kuchomeka kisanduku mashine ikiwa inawaka kungefuta kila kitu. Shangazi akamfuata kwake na kinasa sauti chake mwenyewe, akaamua kuunganisha kisanduku waya mmoja mmoja, zote ishirini na nane, mashine ikiwa hai. Alipasha moto chuma cha kulehemu, akakichomoa kwenye umeme kisije kikaiunguza mashine, akagusa mara moja, akakirudisha kupasha. Saa sita nzima!

"Mwalimu, ukihema hivyo unanitikisa mkono."

"Sasa nisiheme?"

"Hemea jikoni."

Akaenda kuhemea jikoni. Saa kumi na moja jioni kitufe kikabonyezwa, na ratiba ikapona yote. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba mwaka huo huo, na mwaka 1989 wakajaliwa binti yao wa pekee, ambaye leo ni muuguzi.

Mwalimu hakuwahi kuhamia kompyuta nyingine. Wenzake walimcheka, naye akaendelea kutungia mitihani kwenye ile ile, na akitoka alimwachia mkewe maneno kwenye skrini badala ya karatasi. Ijumaa ya tarehe 21 Agosti 1998 alitoka kwenda kununua kalamu, moyo ukasimama njiani. Shangazi alipoletewa habari, kwenye skrini palikuwa na haya: "Usizime, narudi sasa hivi."

Hakulia kwanza. Alibonyeza kitufe. Kaseti ilipomaliza aliweka ya pili, na kabla hajabonyeza tena umeme ukakatika. Basi fundi aliyewagombeza watu kwa nakala moja akabaki, katika jambo lililokuwa zito kuliko yote kwake, na nakala moja. Hakuicheza miaka ishirini na mitano. Aliogopa kinasa sauti kisije kikaitafuna, na zaidi aliogopa isije ikawa tupu. Tukimsihi alisema, "Ikiwa kabatini, bado anarudi." Mimi nilikuwa namkasirikia kwa hilo. Leo namwelewa.

Mwezi Novemba 2023 madaktari walisema moyo wake umechoka. Akahamishia kitanda sebuleni. Alhamisi ya tarehe 30 Mei mwaka huu aliniambia, "Lete kaseti. Nataka kujua nikiwa bado najua."

Jamani, siku ile! Nilibadilisha mpira unaozungusha kaseti kwenye kinasa sauti, nikasafisha kwa spiriti kichwa chake, kile kinachosoma utepe. Tukaicheza. Dakika ya nne, kimya, skrini tupu. Binti yake akatoka nje asionekane analia. Shangazi, aliyekuwa hawezi kuinua kikombe, akaniamuru nichukue bisibisi ndogo.

"Kichwa kimekaa upande. Ile skrubu pembeni yake. Zungusha. Taratibu! Hufungui chupa! Sikiliza mluzi... hapo! Usiguse tena!"

Tukaanza upya. Dakika ya nne ikapita. Ya tano ikaisha. Na maneno yakatokea, "Usizime, narudi sasa hivi," na mbele yake kile kialama cha kuonyesha pa kuandika, kikiwaka na kuzimika, kikingoja kama kilivyoachwa. Tulipiga kelele hadi majirani wakaja wakidhani msiba umetokea. Shangazi hakupiga kelele. Aliomba asogezwe karibu, akaandika chini yake kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Kisha akabonyeza kitufe mwenyewe, mara mbili, kaseti mbili.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili wanaojua kulehemu kuliko kuandika, kaka mmoja, mawifi, na sisi watoto wa kaka ambao kila mmoja ana kisahani cha sabuni kisichotumika kwa sabuni.

Mmeniuliza tangu asubuhi aliandika nini. Aliandika: "Kaa huko huko, nakuja mimi."

Kompyuta iko sebuleni, inawaka hadi dakika hii ninaposoma, na juu yake tumebandika ile karatasi ya Mwalimu. Pumzika kwa amani, Shangazi. Hatujazima.